Ufuta, Sukari Guru na Sadaka: Makar Sankranti katika Nchi ya Nzoia

Neno Baniani limebebeshwa katika Kiswahili mzigo mkubwa kuliko ule linaoubeba katika lugha lilikotoka. Katika Kigujarati lilimtaja mtu wa jamii ya wafanyabiashara. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likawa jina la kila mfuasi wa dini ya Kihindu, awe mfanyabiashara, sonara, dobi au kuhani. Na hatimaye likaingia katika methali isemayo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo hufasiriwa aghalabu kuwa hata mtu asiyependwa ana jambo lake la kufaa. Hata hivyo yafaa itazamwe kwa makini zaidi. Ndani yake mna Baniani anayechukiwa na mna kiatu kinachofaa, lakini hamna Baniani anayetoa. Kiatu hakikutolewa na mwenyewe. Kimechukuliwa kwa ajili ya faida ya mwingine, na mwenye kiatu habadiliki kwa tendo hilo, hubaki kuwa mbaya.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kile ambacho methali imekiacha nje, yaani utoaji wa Wahindu wenyewe kwa mujibu wa dini yao, na hasa utoaji wa siku moja, Makar Sankranti, ambayo Wagujarati wengi huiita Uttarayan. Nchi inayohusika ni ile inayozungukwa na maji ya mto Nzoia huko Magharibi ya Kenya: Kitale, Webuye na Bungoma. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu. Ibada ya kutoa huhitaji mpokeaji. Je, ibada hiyo inapohamishwa kutoka Kathiawar au Kutch na kuletwa katika miji midogo ya reli, ambamo wapokeaji walioainishwa na dini hawapo au ni wachache mno, ni nani anayepokea, na anapokea nini?

Siku na hesabu yake

Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata mwezi, na kwa hiyo hutembea katika kalenda ya serikali. Diwali, kwa mfano, huangukia usiku wa mwezi muandamo kati ya Oktoba na Novemba. Makar Sankranti haimo katika kundi hilo. Hiyo hufuata jua. Ni siku ambayo jua huingia katika buruji ya Makara, ile ambayo wanafalaki wa pwani wamezoea kuiita Jadi, na jina la Uttarayan lina maana ya mwendo wa kuelekea kaskazini. Hapo kale kuingia kwa jua katika buruji hiyo na kugeuka kwake kuelekea kaskazini kulikuwa karibu tukio moja. Leo sivyo. Jua hugeuka tarehe 21 au 22 Desemba, ilhali Sankranti huadhimishwa tarehe 14 Januari, na katika miaka mingine tarehe 15. Sababu ni kwamba hesabu ya Kihindu huupima mwaka kwa nyota zilizosimama, na mwaka wa nyota ni mrefu kidogo kuliko mwaka wa majira. Tofauti hiyo ndogo hukusanyika na kuwa siku moja kwa kila miaka 72 hivi. Swami Vivekananda alizaliwa siku ya Makar Sankranti, nayo ilikuwa tarehe 12 Januari 1863. Wasomaji wanaoijua Nairuzi ya Waswahili na Mwaka Kogwa wa Makunduchi hawatashangazwa na mambo haya, kwani mwaka wa Nairuzi, usio na siku ya kuongezwa kila baada ya miaka minne, huteleza kwa kasi kubwa zaidi.

Dini inaipa siku hiyo heshima ya pekee. Katika Mahabharata mzee Bhishma, aliyelala juu ya kitanda cha mishale katika uwanja wa vita, anakataa kufa mpaka jua ligeuke kuelekea kaskazini, kwa kuwa kufa katika kipindi hicho ni heri. Mwumini huamka alfajiri, huoga, ikiwezekana mtoni, hulitolea jua maji kwa viganja viwili, kisha hutoa. Saa zinazofuata kuingia kwa jua katika buruji ndizo zenye thawabu nyingi. Vitu vinavyotolewa vimewekwa na desturi: ufuta, sukari guru, nafaka, samli, nguo na mablanketi, na majani mabichi au nafaka ya kuchemsha kwa ng'ombe. Watoto na vijana wa Gujarat hurusha tiara kutwa nzima juu ya mapaa ya nyumba. Ufuta na sukari guru huchanganywa na kufinyangwa kuwa vidonge vinavyofanana sana na ladu na kashata zinazofahamika pwani. Huko India ya kaskazini na magharibi Januari ni mwezi wa baridi, na ufuta huhesabiwa kuwa chakula cha kuutia mwili joto. Blanketi halihitaji maelezo.

Hapa ndipo nchi ya Nzoia inapoanza kuiuliza siku hiyo maswali. Webuye iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta. Urefu wa mchana wa Desemba na wa Juni hutofautiana kwa dakika chache tu, kiasi ambacho mkulima hawezi kukitambua. Januari si mwezi wa baridi bali ni kiangazi, vumbi jekundu limetanda barabarani na anga ni nyeupe kwa joto. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, ina usiku unaostahili blanketi. Bungoma haina haja hiyo kwa kiasi kile. Kwa maneno mengine, sikukuu ya kurudi kwa jua ililetwa katika nchi ambayo jua halijapata kuondoka. Ibada ikishavuliwa sababu zake za majira, kinachobaki ndani yake ni kule kutoa.

Ufuta wa nani?

Ni kawaida kusikia kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wazao wa makuli wa reli. Jambo hilo ni kweli kwa sehemu ndogo. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga Reli ya Uganda, na wengi wao walirudi kwao. Waliobaki ni 6,700 hivi. Wenye maduka wa Bungoma na Kitale walitoka hasa katika mkondo mwingine, ule wa wafanyabiashara wa Gujarat, Kathiawar na Kutch waliokuja kwa nauli yao wenyewe, mara nyingi vijana walioitwa na mjomba au ndugu aliyetangulia. Njia zao zilifuata reli. Tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926, na reli kuu iliyopita Eldoret kuelekea Uganda ikaipa uhai stesheni ya Broderick Falls, mji ambao baada ya uhuru ulirudishiwa jina la wenyeji, Webuye.

Kabla ya reli hiyo ufuta ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa. John Ainsworth, aliyeshika ukuu wa Jimbo la Nyanza kuanzia mwaka 1907, aliwahimiza wakulima wa huko kuongeza kilimo cha simsim kwa ajili ya kuuza nje, na wanunuzi waliokwenda hadi vijijini walikuwa Wahindi. Walinunua simsim, mahindi na ngozi. Waliuza nguo, chumvi, majembe na mafuta ya taa. Kiswahili cha bara kilikua katika biashara hiyo, na maneno yake mengi yana harufu ya duka: gunia, pesa, gari, hundi, laki. Hata sukari guru ni neno la mlango huo, kwa kuwa guru si kingine ila gur ya Kihindi. Watu wengi wa Magharibi ya Kenya husema sukari nguru, kana kwamba ina udugu na samaki wa jina hilo, na huo ni mfano mzuri wa jinsi msemaji anavyolitafutia neno geni jamaa katika lugha yake.

Basi mbegu za ufuta zilizoingia katika ladu ya Sankranti mezani kwa mwenye duka hazikutoka Gujarat. Zilikuwa zimepandwa, kupaliliwa, kukatwa na kupepetwa na wanawake wa Kibukusu, wa Kiteso na wa jamii nyingine za Waluhya, zikapimwa katika mizani ya duka kwa bei ambayo muuzaji hakuipanga. Miwa nayo ni vivyo hivyo. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922 karibu na Kisumu, na Wahindi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kueneza vinu vya sukari guru katika sehemu za Magharibi. Ufuta ukanunuliwa, sukari guru ikapikwa, vikakutana jikoni, na asubuhi ya tarehe 14 Januari sehemu yake ikarudi mlangoni, bure, kwa mtu ambaye huenda shamba la mama yake ndilo lililoutoa.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni unyonyaji uliovikwa joho la dini. Hukumu hiyo ina haki yake lakini inakwenda haraka mno. Mfanyabiashara wa Kigujarati alikuwa na siku mbili tofauti katika mwaka wake, nazo hazikuchanganywa. Siku ya Diwali ilikuwa ya daftari: hesabu za mwaka zilifungwa, daftari jipya likawekwa mbele ya mungu wa kike Lakshmi na kuandikwa maneno ya heri na faida. Sankranti ilikuwa siku ya kile kisichotarajiwa kurudi. Aidha, katika biashara za Kigujarati palikuwa na desturi ya dharmada, yaani fungu dogo lililotengwa kutoka katika mauzo kwa ajili ya mambo ya dini na ya hisani. Fungu hilo liliandikwa katika daftari kama deni. Mwenye duka hakujiona kuwa anatoa mali yake. Alijiona kuwa analipa. Ugumu ni kwamba daftari hilohilo lilikuwa na ukurasa mwingine wa madeni, ule wa wakulima waliokopa chumvi na nguo wakisubiri mavuno, na hakuna kanuni yoyote ya Sankranti iliyoamuru ukurasa huo ufutwe.

Mavuno ya watu wasio na shamba

Makar Sankranti huhesabiwa pia kuwa sikukuu ya mavuno. Mtu atoaye nafaka siku hiyo anatoa, katika wazo la asili, malimbuko ya shamba lake. Mhindu wa Kitale hakuwa na shamba, wala si kwa hiari yake. Nchi ya Trans Nzoia ilitiwa katika ile iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mapema, mwaka 1906 na tena mwaka 1908, Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubali kwamba ardhi ya huko isigawiwe Wahindi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ikampa gavana uwezo wa kuzuia uhamisho wa ardhi kati ya watu wa rangi mbalimbali. Na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, pamoja na kutamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, ukaiacha milki ya Wazungu katika Nyanda za Juu kama ilivyokuwa. Mhindi aliruhusiwa kiwanja cha mjini: duka mbele, nyumba nyuma, ua katikati. Bungoma ilikuwa katika eneo lililotengewa Waafrika, na huko pia hakuweza kulima, alikodi kiwanja katika kituo cha biashara. Mwaka 1935 ikaja Sheria ya Uuzaji wa Mazao ya Wenyeji, ambayo kwa leseni zake iliwafungia biashara wanunuzi wenye masoko na kuwabana wachuuzi wadogo, wengi wao wakiwa Waafrika.

Hali hii inaeleza jambo ambalo methali ya Baniani hailioni. Wakulima wa Gujarat, hasa Wapatel, walipofika Afrika Mashariki waligeuzwa wafanyabiashara na sheria kama walivyogeuzwa na tamaa ya faida. Yule aliyekuwa na kumbukumbu ya shamba la baba yake alitoa nafaka iliyonunuliwa. Mbukusu aliyekuwa na shamba, naye, alisukumwa na kodi ya kibanda aiuze nafaka yake mapema, wakati bei iko chini. Wote wawili walikutana juu ya mizani, kila mmoja akiwa amewekwa mahali pake na mtu wa tatu ambaye siku ile hakuwapo dukani.

Mpokeaji

Kitabu cha Bhagavad Gita, katika sura yake ya 17, kinaigawa sadaka katika daraja tatu. Iliyo bora ni ile inayotolewa kwa sababu kutoa ni wajibu, mahali panapofaa na wakati unaofaa, kwa mtu anayestahili, tena mtu asiyeweza kulipa fadhila. Ya kati ni ile inayotolewa kwa kutazamia malipo au kwa kinyongo. Ya chini kabisa ni ile inayotolewa mahali pasipofaa, kwa asiyestahili, au kwa dharau. Gujarat yenyewe ina desturi ya sadaka ya siri: sarafu hufichwa ndani ya ladu ya ufuta, na mpokeaji huigundua anapoila, ili mtoaji asipate sifa.

Masharti haya huleta shida mara moja. Anayestahili, kwa tafsiri ya makuhani, alikuwa Brahmana. Kisha watawa wanaoomba, wajane, mafukara wa kijiji na ng'ombe. Katika mji wa maduka machache Brahmana aliweza kuwa mmoja, naye pengine ni mwajiriwa wa jumuiya anayepokea mshahara. Watawa wa kuombaomba hawakuwapo. Sadaka ikatafuta njia nyingine. Sehemu ilirudi India, kwa kisima au shule ya kijiji cha nyumbani. Sehemu iliingia katika hekalu, shule na ukumbi wa jumuiya, mambo ambayo serikali ya kikoloni iliwaachia Wahindi wajitengenezee wenyewe. Sehemu ya mwisho, ndogo kwa thamani lakini kubwa kwa maana, ilitolewa mlangoni: kwa mchukuzi wa magunia, mpishi, mlinzi wa usiku, kikongwe aliyekaa kivulini mwa baraza.

Kilichotolewa mlangoni hapo kilikuwa aghalabu kikavu: mchele, dengu, unga, sukari guru. Yafaa jambo hili lifikiriwe. Huko India desturi ya kumpa Brahmana chakula kibichi humlinda yeye mpokeaji, kwa kuwa hapaswi kula kilichopikwa na mtu wa daraja la chini. Ikihamishwa Bungoma, desturi ileile iliweza kugeuka kichwa chini miguu juu. Chakula kibichi sasa kikawa kinamlinda mtoaji, kwa kuwa aliyepewa nafaka mbichi haitwi ndani, haketi, wala hashiriki sahani. Mkono ulitoa na kizingiti kikabaki palepale. Wako waliovuka kizingiti hicho, na mpishi wa nyumbani alikuwa amekivuka zamani. Lakini kuvuka kwa kazi si sawa na kuvuka kwa mwaliko.

Masingasinga, ambao ni wengi miongoni mwa makandarasi, mafundi na wenye viwanda vya mbao wa Magharibi ya Kenya, walikuwa na jibu jingine kwa swali hilohilo. Siku hiyo kwao huitwa Maghi, na huadhimisha wale 40 waliouawa wakimpigania Guru Gobind Singh huko Muktsar mwaka 1705; usiku wa kuamkia, Wapunjabi huwasha moto mkubwa wa Lohri na kuutupia ufuta, karanga na bisi. Chakula cha langar hupikwa, na wote huketi chini kwa safu moja, bila kuulizwa dini wala kabila. Hekalu la Makindu, lililo kando ya reli ya Mombasa na lenye asili ya mwaka 1926, limewalisha na kuwalaza wasafiri wa kila namna kwa kanuni hiyo. Miongoni mwa Wahindu wenyewe walikuwapo Walohana waliomheshimu Jalaram wa Virpur (1799–1881), mtakatifu aliyejulikana kwa kumlisha kila aliyefika mlangoni pake. Kisumu ina hekalu la jina lake. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Uhindu haukuwa na mfano wa sahani moja. Ulikuwa nao, lakini siku ya Sankranti haikuulazimisha.

Naye mpokeaji alikuwa na elimu yake juu ya kutoa. Wabukusu humwita Mungu Wele Khakaba, na jina hilo lina ndani yake kitenzi cha kugawa, kilicho ndugu wa -gawa ya Kiswahili. Sauti k ya Lubukusu mahali penye g ya Kiswahili ni ya kawaida katika maneno yenye asili moja. Mungu ni Mgawaji. Lakini kugawa kwa Wabukusu, kama kwa jamii nyingi za wakulima na wafugaji, ni kujenga uhusiano. Ng'ombe anayetolewa mahari huwafunga watu kwa vizazi. Ng'ombe aliyeazimwa jirani humfanya jirani kuwa mtu wako. Zawadi isiyofuatwa na kitu chochote, isiyodai hata jina la mpokeaji, huonekana kuwa na upungufu. Lile ambalo Gita inalihesabu kuwa utukufu wa sadaka, yaani kutotazamia kurudi, machoni pa mpokeaji huweza kuwa ndiyo ishara ya kwamba mtoaji hataki ujamaa.

Ng'ombe nao waliwatenganisha. Mhindu humlisha ng'ombe siku ya Sankranti kwa nia ya kupata thawabu. Mbukusu humpenda ng'ombe kiasi cha kumtungia majina ya sifa, na humchinja siku ya maombolezo au tohara kwa sababu hiyohiyo ya kumpenda. Mnyama ni yuleyule, heshima ni kubwa pande zote mbili, na hakuna upande ulioweza kuiona heshima ya mwenzake bila kuona pia ukatili au upuuzi.

Kuna hata suala la tarehe. Katika nchi ya Bungoma Januari ni mwezi wa ghala zisizo tupu: mahindi ya mvua za masika yamekwisha kuvunwa, na njaa, inapokuja, huja Mei na Juni, wakati mahindi mapya yako shambani hayajakomaa. Kilo mbili za nafaka mwezi Januari ni adabu njema. Mwezi Juni ni uhai. Kwa upande mwingine, kwa miaka mingi ya uhuru Januari imekuwa mwezi wa kufungua shule, na kinachohitajika mlangoni mwezi huo ni karo. Sarafu iliyofichwa ndani ya ladu ilikaribia zaidi haja ya mpokeaji kuliko ladu yenyewe. Watoaji wenye akili waliliona hilo. Mfano mkubwa kabisa hauko Nzoia bali Nairobi: baada ya kuuawa kwa Mahatma Gandhi mwaka 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kujenga chuo cha ukumbusho, na mchango huo ukaunganishwa na Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichofunguliwa mwaka 1956 na ambacho hatimaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo hicho kilipokea wanafunzi wa rangi zote. Mtoto wa mkulima wa ufuta aliyesoma humo alipokea sadaka ambayo hakuna aliyemwambia ni sadaka.

Kuondoka, na kuja kwa namna nyingine

Sensa ya mwaka 1962 iliwahesabu Waasia 176,613 katika Kenya. Ya mwaka 1969 iliwahesabu 139,037. Kati ya sensa hizo mbili zilitungwa, mwaka 1967, Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Ya pili iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo makuu ya miji na kuuza baadhi ya bidhaa za kila siku. Miji midogo ndiyo iliyoguswa kwanza. Maduka ya Bungoma na ya vituo vya jirani yalibadilisha mikono, na katika mitaa mingi baraza iliyokuwa ikisubiriwa Januari ikawa na mwenyeji mwingine, Mwafrika, ambaye kalenda yake ya kutoa ilikuwa Krismasi, mazishi na harambee.

Kisha Webuye ikapata Wahindi wapya. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1974, kwa ubia wa serikali ya Kenya, shirika la fedha linalohusiana na Benki ya Dunia, na kampuni ya Orient Paper Mills ya jamii ya Birla. Wabirla ni Wamarwari wa Pilani, Rajasthan, na sifa yao ya ujenzi wa mahekalu inafahamika. Hekalu lao la Lakshmi Narayan mjini New Delhi lilifunguliwa mwaka 1939 na Gandhi, aliyeweka sharti kwamba watu wa madaraja yote waruhusiwe kuingia. Mameneja na mafundi waliokuja Webuye hawakuwa wenye maduka. Hawakupima ufuta wala kukopesha chumvi. Waliishi katika nyumba za kampuni, wengi kwa mikataba ya miaka michache, na ujirani wao na mji ulipitia langoni mwa kiwanda. Mji mzima ukaishi kwa mshahara, na ukavuta harufu ya kiwanda usiku na mchana.

Mabadiliko hayo yanaonekana katika nafasi ya sadaka. Mwenye duka wa mwaka 1935 alikuwa mtoaji mmoja anayejulikana kwa uso. Akikosea mizani alijulikana, na akitoa alijulikana. Kiwanda hakina Sankranti. Meneja aliweza kuoga alfajiri, kulitolea jua maji, na kumpa mtunza bustani blanketi. Lakini jambo lililoamua kama watoto wa mtunza bustani watasoma halikuwa katika mkono wake wa kulia, lilikuwa katika bei ya umeme, katika madeni na katika soko la karatasi. Kiwanda kiliposimama mwaka 2009 chini ya uzito wa madeni, hakuna thawabu ya mtu mmoja iliyoweza kuziba pengo hilo. Mwaka 2016 kilinunuliwa na kampuni ya jamii ya Rai, Masingasinga wa Kenya hiihii, ambao utajiri wao wa mbao ulianzia nyanda hizohizo. Na mwaka 2017 serikali ikawatangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Kabila hupewa na kutoa kama makabila mengine, katika mazishi na katika harambee, siku yoyote ya mwaka.

Lugha imehifadhi sehemu ya habari hii kuliko daftari lolote. Kwa kile alichopewa mlangoni Januari, mpokeaji wa Bungoma alikuwa na maneno matatu. Sadaka, la Kiarabu, lenye asili moja na neno la ukweli, humtaja mtoaji na Mungu wake. Bakshishi, la Kiajemi, humtaja bwana na mtumishi. La tatu ni bure, na hilo halina mtoaji kabisa. Kiswahili hutumia neno hilo moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na maana: mtu hupewa bure, na mtu huhangaika bure. Dana ya Sankranti, kwa kanuni ya Gita, hutolewa bure kwa maana ya kwanza. Kikongwe aliyerudi nyumbani na kibaba cha mchele na vidonge viwili vya ufuta, baada ya mwaka mzima wa kuuza ufuta wake kwa bei ya mwenye duka, alilijua neno hilo kwa maana zote mbili.